Ng'ombe Watano wa Mama

Tangu nirudi hamjaniacha nishone kwa amani. Kila anayekuja kibandani kuchukua sare ya mtoto anakaa kwenye benchi, anajifanya anangoja kifungo, halafu anauliza, "Nafula, kwani Bungoma kulikuwa na nini?" Mmoja wenu amesikia kwamba nilimpeleka Mama kortini. Mwingine amesikia kwamba tulikwenda kumwoza Naliaka. Yote ni uongo, ingawa hilo la pili lina chembe ya ukweli, na ni chembe hiyo iliyotutoa Kitale. Nimeamua kuandika mara moja, msome wote, kisha mniache nimalize sketi za watu. Habari za fomu na foleni nitaziruka. Sijawahi kuona mtu akifurahia hadithi ya fomu.

Simu iliyotutoa Kitale

Naliaka mnamjua. Ni binti wa marehemu kaka yangu Simiyu, na Mama amemlea tangu akiwa darasa la pili. Mwaka huu alifaulu akaitwa chuoni Kibabii. Serikali ina mpango wake wa kusaidia: wanafunzi hupangwa kwa madaraja kulingana na hali ya nyumbani, maskini kabisa hulipiwa karibu yote, na wenye nacho hujilipia. Ukiusikia hivyo unaona ni mpango wa haki, na mimi niliusifu. Ila ili kujua nani ni nani, huwa wanapiga simu nyumbani kuthibitisha.

Siku waliyopiga, Naliaka alikuwa ameenda posho mili kusaga mahindi na simu ameiacha kwenye chaji. Mama akaipokea. Yaliyosemwa tuliyajua baadaye, alipotusimulia bila hata kuona kosa lake.

"Ilikuwa mwanaume, sauti nzuri, ako na adabu," alisema. "Akauliza kama mimi ndio nalea Naliaka. Akauliza nyumba yetu ni ya nini. Akauliza kama tuko na shamba, kama tuko na ng'ombe. Sasa wewe Nafula, mtu akiuliza nyumba ya msichana hivyo, anatafuta nini?"

Nikamwambia sijui.

"Anatafuta bibi," akasema. "Na alisema yeye ni afisa. Nikaona ni bahati hiyo."

Basi Mama alimjibu mshenga wake. Nyumba akasema ni ya mawe. Shamba ekari kumi. Duka lipo. Na ng'ombe watano, wako Kabuchai kwa mjomba wa watoto. Nilipomuuliza kwa nini alidanganya kiasi hicho, alinitazama kana kwamba nilizaliwa jana. "Ningesema ati mtoto anatoka kwa njaa? Ndio waje na mbuzi mbili?"

Kwa wiki mbili aliufagia ua kila asubuhi akingoja wageni. Badala ya wageni ukaja ujumbe kwenye simu: Naliaka amewekwa daraja la mwisho, la watu wanaojiweza. Ada ile hata ningeuza kibanda, cherehani, na mimi mwenyewe, isingetimia.

Rufaa iliruhusiwa, lakini kwa masharti mawili. Kwanza, barua ya naibu wa chifu wa kule mali zilikosemwa kuwa, yaani Kabuchai, kueleza ni ng'ombe wangapi hasa. Pili, mlezi mwenyewe afike mbele ya kamati mjini Bungoma aulizwe upya. Tulikuwa na siku nne. Zikipita, nafasi ya chuo imekwenda.

Kuhusu hao ng'ombe, niseme hapa mapema. Watano hawakuwapo, hilo nilijua. Lakini mmoja alikuwapo, mtamba mwekundu aliyetoka kwenye mahari yangu. Kwa desturi ng'ombe wa dada humsaidia kaka kuoa, na kwa kuwa kipande chetu cha Kitale hakitoshi hata kumgeuza mbuzi, alipelekwa kwa mjomba akae huko. Watu wetu huwekeana mifugo namna hiyo tangu zamani. Kwa miaka yote Mama aliniletea habari zake. Amezaa. Amezaa tena, ndama ana doa kwenye paji. Mimi sikuwahi kwenda kuwaona, nilikuwa na watoto wangu na cherehani yangu, lakini niliwahesabu moyoni. Nikajiambia, rufaa ikikataa, tunauza ndama wawili na Naliaka anaanza muhula. Kwa hiyo niliondoka Kitale nikiwa na matumaini mawili, na ni Mama peke yake aliyekuwa akiburuta miguu. Mara goti linauma. Mara mvua. Nikadhani ni uzee.

Juu ya kabichi hadi Kamukuywa

Jirani yetu Barasa hupeleka kabichi soko la Chwele kwa pikapu, akatupa lifti. Mama aliketi mbele na kipima joto cha uvumilivu wake, yaani mkoba mapajani na mdomo umefungwa. Mimi na Naliaka tukapanda nyuma juu ya kabichi. Msinicheke. Kabichi ukizipanga vizuri ni kiti kizuri kuliko viti vingi nilivyokalia.

Tulipopita Kiminini nikamwonyesha Naliaka mahali palipokuwa shamba kubwa tulikozaliwa mimi na baba yake. Mama alikuwa kibarua pale, akipalilia mahindi, na tuliishi laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu moja, ukuta wa jirani ndio wako. Kila mtu alisikia kila mtu akikohoa. Nilipenda laini. Najua zilikuwa mbovu, paa likivuja tulihamisha vikombe tu, lakini nilipenda jioni moshi ukitoka milango yote kwa pamoja.

Nikamwambia pia habari ya maziwa ya shule. Wenye umri wangu mnayakumbuka, yale ya pakiti za pembe tatu. Siku ya maziwa tulipanga foleni, mtoto wa meneja mbele yangu, mtoto wa mkamuaji nyuma yangu, na kila mmoja alipewa pakiti yake. Simiyu alikuwa aking'ata kona moja na kunyonya polepole mpaka tufike nyumbani ili aringe kwamba yake haijaisha.

"Na hawangewauliza kama nyumbani mko na ng'ombe?" Naliaka akauliza.

"Nani aulize? Ulikuwa mtoto, umekuja shule, unakunywa maziwa."

"Hiyo ilikuwa poa, Senge," akasema. Senge ndiye shangazi kwetu. Yaliyofuata sikumwambia. Maziwa yalikoma. Na shamba lile lilipokuja kugawanywa, wenye majina walipata ekari ambazo macho hayafiki mwisho, na waliolipalilia wakapata vipande vya kupanda sukuma wiki. Mama alikipokea chake kwa kupiga magoti. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, na nakumbuka nilikasirika kuona amepiga magoti.

Barasa naye alikuwa hana haraka ya mtu mwingine. Kila hoteli ya kando ya barabara alisimama kushusha kabichi mbili, na kila kabichi mbili zilikuwa na habari za harusi, za mafuta, za nani amefariki. Kamukuywa gurudumu likaisha upepo. Tulikaa pale saa mbili tukinywa chai ya maziwa mazito na mandazi yaliyokuwa yamelala. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi akamtazama Naliaka aliyevaa gauni lake la kanisa, akatazama pikapu, akaniuliza, "Mnapeleka bibi harusi na kabichi?"

Nikamwambia tunapeleka msomi.

"Ni sawa tu," akasema, akatupa hindi moja la bure. "Wote wanaenda na hawarudi."

Kabuchai: kuku na muhuri

Chwele tulimwacha Barasa akipigania nafasi ya kuegesha, tukachukua pikipiki mbili hadi kwa mjomba Wekesa, ndani ya Kabuchai. Njia ilikatiza miwa iliyopita urefu wa mtu pande zote mbili. Nilikuwa nimekuja mara ya mwisho nikiwa na meno ya utoto yakidondoka. Sikuikumbuka njia, lakini harufu ya udongo ule baada ya mvua ilinikumbuka mimi, na nilitokwa na machozi kidogo nyuma ya dereva wa pikipiki ambaye hakujua.

Nilikuwa nimempigia mjomba simu siku iliyotangulia kumweleza kila kitu. Nilimwita Khocha, yaani mjomba, nikamwambia polepole: naibu wa chifu atakuja kuona hali, barua yake ndiyo itamsaidia mtoto, tafadhali hali ionekane ilivyo. Akaniambia nisijali, ameelewa kabisa.

Alichoelewa ni kwamba wageni wanakuja. Tulikuta viti vya plastiki vimeazimwa kwa majirani, vitambaa vya kufuma vimetandikwa kila kiti, vikombe vyenye maua ambavyo sijui vilitoka kwa nani. Kuku wawili walikuwa sufuriani tayari, na ugali wa wimbi umesongwa kama kilima. Redio kubwa ya mtu ilikuwa mezani.

"Khocha," nikamwambia pembeni, "mtu anakuja kuona umaskini."

"Nafula," akasema, "selikali ije kwangu nipatikane bila chakula? Dada yangu amekaa Kitale miaka yote hiyo, arudi akute ugali na chumvi?"

Naibu wa chifu alifika kabla sijapata jibu. Alikuwa kijana mwenye uso wa uchovu, amebeba mkoba wenye muhuri na wino. Alisalimia "mulembe" kwa kila mtu, akakalishwa, akapakuliwa paja la kuku. Alilitazama paja lile kwa muda.

"Sasa," akasema baada ya kula, "mimi nimeambiwa huyu mama ni maskini."

"Nani amesema?" mjomba akauliza, amekasirika kweli. Majirani waliokuja kudai viti vyao wakasimama mlangoni, nao wakaanza. Mmoja akasema huyu mama hajawahi kuomba chumvi. Mwingine akasema baba yake alikuwa mtu wa ng'ombe mpaka mto. Kwao waliona mwenzao anasingiziwa, nao wakamtetea. Mtu akimtukana ndugu yako kwamba hana kitu, wewe utasema nini?

"Basi ng'ombe ni wangapi?" naibu akauliza, kalamu mkononi.

Mjomba alinyoosha kidole hadi ng'ambo ya miwa, penye malisho. Walikuwapo ng'ombe watatu, mmoja mwekundu. "Wale. Tatu ni ya dada yangu."

Niliwaona nikafurahi. Naomba mnielewe, nilifurahi kama mtu aliyekutanishwa na ndugu. Naliaka alisimama kwenye ncha za vidole ili aone vizuri. Yule mwekundu alikuwa mkubwa na mzuri. Tatu si tano, lakini nilipiga hesabu haraka: kwa ng'ombe watatu kamati haitatuonea huruma, na hatuihitaji. Nikasema mbele ya wote, "Khocha, basi yaishe. Tuuze wawili leo. Kesho sina haja ya kwenda kuomba mtu Bungoma."

Mke wa mjomba akainuka akaanza kukusanya vyombo ambavyo watu walikuwa bado wanavilia. Mama alikuwa ameshika kikombe chake chenye maua kwa mikono miwili.

"Hizo haziwezi uzwa," mjomba akasema hatimaye.

"Kwa nini?"

"Ni ya jirani."

"Na wa kwetu wako wapi?"

"Uliza mama yako."

Naibu wa chifu aliweka kalamu chini. "Mzee," akasema kwa upole, "yaani ulikuwa unanidanganya mbele ya muhuri?"

"Ilikuwa heshima tu, bana," mjomba akasema. Akainamisha kichwa, mtu mzima wa miaka sabini.

Nilimuuliza Mama. Nilimuuliza mara tatu, ya tatu kwa sauti ambayo mtu hapaswi kumtolea mama yake mbele ya watu. Alisema tu, "Tutaongea." Naibu akamhoji mjomba tena, akaandika barua, mistari miwili: hana mifugo katika eneo hili, wala hajakuwa na mifugo kwa miaka mingi. Akapiga muhuri. Nilikuwa nimepata barua niliyoifuata, na nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu niolewe.

Kibabii, langoni

Kesho yake asubuhi tuliteremka kuelekea Bungoma kwa gari la jamaa anayesambaza mikate. Sikuzungumza na Mama. Nilizungumza na mikate.

Karibu na chuo Naliaka akaomba tushuke kidogo. Dereva alikuwa na duka la kupelekea mikate pale, akatupa robo saa. Tukasimama ng'ambo ya lango, wanawake watatu na mkoba mmoja. Vijana waliingia na kutoka wakicheka, wengine na vipokea sauti masikioni, msichana mmoja akitafuna muwa kama yuko kwao. Naliaka alikuwa akiwatazama miguu. Baadaye aliniambia alikuwa akiangalia wanavaa viatu gani.

Kisha akanishika mkono. "Senge, usimjam Kukhu," akasema. Kukhu ndiye nyanya, na kumjam mtu ni kumkasirikia. "Kama ni hiyo ng'ombe, mimi naweza ngoja mwaka moja. Nifanye kazi ya mjengo, ama kuuza nguo."

Mama alisikia. Nilimwona alivyofunga upya kitambaa chake cha kichwa ambacho hakikuwa kimefunguka.

Bungoma, kwa Halima

Kamati ilikuwa siku inayofuata, tukalala kwa Halima. Wengine wenu hamumjui. Nilijifunza kukata kitambaa kwenye meza ya marehemu mama yake, karibu na msikiti wa mjini, nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Nyumba ni ileile. Mbao za dirisha ni zilezile za kijani, na adhana ya alasiri iliponikuta kizingitini nilirudi kuwa yule msichana anayeogopa kuharibu kitambaa cha watu. Halima alitupikia wali na nyama ya nazi, maana babake alitoka pwani na hawajawahi kuiacha nazi, hata ikiwa ghali.

Nilimweleza shida yetu, akacheka mpaka akashika ubavu. Si sisi tuliomchekesha, ni jirani yake. "Dada, huyo mwenye ghorofa tatu hapo kona," akasema, "mtoto wake amewekwa daraja la maskini kabisa. Alipopigiwa simu akasema anakaa nyumba ya kupanga. Na si uongo. Amepanga kwa mke wake. Nyumba zote ziko kwa jina la mke."

Naliaka akauliza kama hilo linaruhusiwa.

"Mwanangu, tajiri anajua neno 'sina' tangu zamani," Halima akasema. "Analisema kwa mkusanya ushuru kila mwaka. Nyanya yako hajafundishwa."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele wa kesho, kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Hakucheka. Nilimtazama vidole vyake na hasira yangu ikapungua kidogo, lakini haikuisha. Siwezi kuwadanganya.

Mbele ya kompyuta

Chumba kilikuwa ukumbi wa mikutano, meza tatu, watu wengi wakingoja kwenye mabenchi wakijizoeza majibu. Mzee mmoja alikuwa amevaa koti lililochanwa makusudi, nadhani, kwa kuwa mpasuko ulikuwa mpya na uzi wake mweupe. Mshonaji huona vitu hivi. Mama alivaa nguo yake bora kabisa. Nilimsihi asubuhi avae ile ya shamba, akaniambia hawezi kwenda kwa watu na nguo ya shamba.

Tuliitwa kwa msichana mdogo, hata thelathini hajafika, mwenye kompyuta mbele yake na kikombe cha chai kilichopoa.

"Mama, nitakuuliza maswali, na wewe unijibu tu ukweli. Usiogope."

"Kwani wewe ni wa nani?" Mama akamuuliza.

"Mimi ni wa serikali."

"Serikali iko na mama?"

Yule msichana akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mama yangu ni wa Malakisi. Wanalima tumbaku."

"Basi wewe ni mtoto wa watu," Mama akasema, akakaa sawa. "Uliza."

Nyumba ni ya nini? "Ni ya udongo," Mama akasema. "Mabati ndio iko juu." Shamba? "Kipande tu." Duka? "Duka haikuwa. Nilikuwa nauza mboga kwa mlango, lakini nikaacha." Kila jibu lilitoka taratibu, kama mtu anayevua bangili zilizombana. Naliaka alitazama sakafu.

"Ng'ombe?"

Mama hakumtazama yule msichana. Alinigeukia mimi.

"Niliuza yule mwekundu, Simiyu akiwa hospitali," akasema. "Yeye na ndama yake. Walisema bila pesa ya kwanza hawawezi kumpasua. Nikauza, wakampasua, hakuamka. Nikasema nitakuambia matanga ikiisha. Matanga ikaisha, nikasema nitakuambia tukivuna. Halafu ukaniuliza kama amezaa. Ulikuwa umefurahi. Nikasema amezaa."

Mimi niliambiwa wakati ule kwamba ukoo ulichanga. Niliamini kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini. Miaka yote ile Mama aliwazalisha ndama wale kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine, akawapa rangi na madoa, ili nisijue kwamba mahari yangu iliondoka na kaka yangu siku moja.

"Pole sana, mama," msichana akasema, na alimaanisha. Vidole vyake vilikuwa juu ya kompyuta. "Kwa hivyo ni ngapi?"

"Si nimesema?"

"Hii inataka nambari."

"Andika hakuna."

"Inakataa, mama. Inataka nambari tu."

Mama akaitazama kompyuta. Tangu Kitale nilikuwa nikilingoja neno hilo moja, nilikuwa nimepanda juu ya kabichi kwa ajili yake, nilimgombeza mama yangu mbele ya majirani kwa ajili yake. Sasa nilitamani asiliseme. Nilitaka kusimama nimwambie yule mtoto wa watu aandike watano.

"Sifuri," Mama akasema.

Msichana akabonyeza. Akabonyeza tena, akasubiri, kisha akageuza kompyuta kidogo ili tuone, akifurahi kwa niaba yetu. "Hongera, mama. Mmeingia daraja la chini kabisa. Ujumbe utakuja kwa simu, lakini hapa imekubali."

"Asante," Mama akasema, akasimama kwa msaada wa meza.

Nje jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwambia tangu Kabuchai, na yote yalikuwa yamekwisha. Nikamshika mkono, kitu ambacho sisi hatufanyi, naye akaniachia niushike. Tulitembea hivyo hadi kwenye kivuli cha ukuta. Naliaka alikuwa mbele akitafuta maji ya kununua.

"Nafula," Mama akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo kitu wameandika. Mtu akikuja kuposa huyu mtoto, ataiona?"

"Hapana, Mama. Inakaa kwa kompyuta yao."

"Na huyo msichana wa Malakisi? Hawezi sema?"

"Hawezi."

"Sawa," akasema. "Basi tukule. Nasikia njaa tangu jana."

Nyumbani

Ujumbe ulikuja siku ya tisa. Naliaka yuko chuoni tangu mwezi uliopita, na viatu vyake ni vya kawaida kama vya wenzake, nilivikagua mwenyewe. Hayo ndiyo mliyotaka kujua.

Lililobaki ni hili, nami nawaomba mlishike. Jumapili iliyopita nilimkuta Mama nje ya kanisa amezungukwa na wanawake, wanamuuliza Naliaka analipiwa na nani. Mama akanyoosha mgongo. Akasema ni wale ng'ombe wake wa Kabuchai, hao ndio wanasomesha mtoto, na yule mwekundu ana mimba tena. Kisha akaniona nimesimama nyuma yao, akaningojea.

"Atazaa mwezi wa tano," nikawaambia.

Kwa hiyo mkienda kumwona, mwulizeni hao ng'ombe wanaendeleaje.